Pete za Miguu ya Mama

Jumapili ile Nyasani alivaa suti. Nyie msiomjua mtasema suti ni suti tu, kuna nini cha kusimulia? Basi jueni kwamba huyu ni mtu aliyekulia ndani ya gunia. Sitii chumvi. Mpaka anaota meno ya pili, vazi lake lilikuwa gunia la sukari lililotobolewa pa kupitisha kichwa na mikono, na kitanda chake kilikuwa majivu ya jiko la watu, pamoja na mbuzi wao. Leo, mwaka wa sabini na mbili, alikuwa na studio yake ya picha mjini Kisii, na kitabu cha maisha yake alichokuwa akikiandika kila alipofunga mlango wa duka, kilichobaki kidogo tu kukamilika. Na zaidi ya vyote hivyo alikuwa na Orpah.

Orpah binti Zachariah ndiye aliyesafisha picha pale studioni. Alikaa dirishani na kijisu chembamba na kalamu ya risasi, akainamia kioo cha picha kabla hakijachapwa, akaondoa kovu hapa, chunusi pale, na mikunjo ya shingo. Maharusi wote wa Kisii walikuwa na nyuso laini kwa sababu ya vidole vya msichana huyo. Nyasani alikuwa na tabia ya kujifanya anatafuta kitu kwenye rafu nyuma yake ili tu amtazame shingoni, naye Orpah alikuwa na tabia ya kujifanya hajui anatazamwa. Walikaa hivyo karibu mwaka mzima, wajinga wale, kabla mmoja hajafungua mdomo.

Sasa kulikuwa na kizingiti kimoja. Mzee Zachariah, baba yake Orpah, alikuwa mzee wa kanisa la Sabato pale Kebirigo, mtu wa msimamo mkali hata chai aliilima ekari nzima nzima lakini kuinywa aliona dhambi. Alimwambia Nyasani maneno mafupi: "Kijana, sina neno na kazi yako. Lakini sitoi binti kwa mtu aliyeota kama uyoga. Niletee watu wa baba yako."

Watu wa baba yake! Hapo ndipo palipokuwa na donda. Baba yake Nyasani alirudi kutoka vita vya Burma, akakaa kidogo, akafa. Ndugu yake, Makori wa Nyamarambe, alitaka kumrithi mjane. Mjane akakataa. Makori akamfukuza yeye na mwanawe, akachukua shamba, na akatangaza kwamba yule mwanamke hakuwa mke hata siku moja, alikuwa hawara aliyeokotwa njiani, hakuvishwa pete. Mama akafa kwa watu akivunja kokoto, na mtoto akaachwa na lile gunia lake.

Kila mtu wa Kisii alijua pete hizo ni nini. Ebitinge, pete za chuma za miguuni. Mwanamke aliyeolewa kwa sherehe kamili ndiye aliyefungwa pete hizo, na hazikutoka mguuni mpaka mume alipozikwa. Hakuna hawara aliyethubutu kuzigusa. Lakini nani angesema aliziona kwa mama Nyasani? Waliokuwepo, wengine walishakufa, na waliobaki walisagia mahindi yao kwenye mashine ya Makori.

Kisha Mungu akatenda. Mzee Gulled, Msomali aliyemfundisha Nyasani kazi ya picha, alihamia Kisumu, akamwachia masanduku ya vioo vya picha za zamani. Nyasani alikuwa akivipangusa kimoja kimoja alipoinua kimoja kwenye mwanga, akamwona. Mama. Mama amesimama wima, pete zimepanda mguuni safu juu ya safu, na chini yake ameketi mtoto mdogo aliyezikamata kwa mkono. Baba yake alikuwa amempeleka apigwe picha aliporudi vitani! Nyasani alikaa sakafuni akalia kwa sauti kama mtoto. Kuichapa hakuichapa siku hiyo, alitaka iwe kubwa, na karatasi kubwa ilibidi iagizwe Nairobi.

Karatasi ilifika Ijumaa, yeye akiwa mlangoni anaondoka kwenda Nyamarambe kumchukua Makori aje aione picha mbele ya wazee. Alimwachia Orpah kioo.

"Chapa hiki, uje na picha nyumbani kwenu Jumapili. Wazee wanataka kuiona."

Orpah alikiinua dirishani. "Ni nani?"

"Mama."

"Na huyu mdogo?"

"Mimi."

Msichana alimgeukia, macho yamemlainika. "Hujawahi kuniambia habari zake hata moja. Kwa nini wazee wanataka picha yake?"

"Ni hadithi ndefu, Orpah."

"Mimi sina haraka."

"Utaisoma kitabu kikitoka," alisema Nyasani, akambusu kwenye paji la uso, akaenda zake. Wanaume!

* * *

Kwa hiyo Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha na sebule ya Mzee Zachariah ilinuka matope ya viatu. Mwenye nyumba alikaa kwenye kiti chake kirefu, Biblia mezani. Kando yake alikaa Mzee Nyamongo, mshenga, mtu mwenye kazi ya kuchimba asili za watu kabla damu hazijachanganywa. Na mbele yao, kofia gotini, alikaa Makori.

Makori hakuwa na raha. Tangu aliposikia kuna picha alikuwa akimeza mate njia nzima. Bosibori, mama yake Orpah, alimletea maziwa ya moto, akayashika tu bila kunywa.

"Makori," alisema Nyamongo, "rudia ulichoniambia ili wote wasikie."

"Nilisema mama ya huyu kijana hakufungwa pete. Bado nasema."

"Na ukiziona?"

Makori alimtazama Nyasani kwa jicho la pembe. "Nikiziona, nitamwita mwanangu hapa hapa. Nitatoa ng'ombe wa mahari yake, na shamba la baba yake nitamwachia. Mimi ni mtu mzima."

"Nimesikia," alisema Mzee Zachariah. "Na mimi niseme langu. Mnajua sipendi mambo ya pete. Mama yangu mzazi nilimkatia zake kwa tupa kabla ya ubatizo, na alilia. Lakini hili ni suala la nani alikuwa mke wa nani. Nikiziona leo, nitakuwa nimeridhika."

Nyasani aliangalia mlango wa jikoni. Orpah aliingia, amevaa gauni la kijani, mikononi kashika picha iliyofungwa kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Alipopita karibu naye alimnong'oneza, "Utafurahi. Nimempendezesha."

Hakuelewa. Alitabasamu tu, mpumbavu wa mapenzi, akapokea picha kwa mikono miwili na kuifungua mwenyewe mbele ya wazee.

Mama yake alikuwa pale. Uso ule ule, shingo ile ile ya mtu asiyeinama. Akateremsha macho polepole kwa raha, akafika miguuni.

Miguu ilikuwa mitupu.

Hakuna pete. Ngozi nyororo kutoka gotini mpaka unyayoni, safi, bila hata alama ya kucha. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona.

Nyamongo alivaa miwani, akainama, akaivua, akaivaa tena. Makori ndiye aliyekuwa wa kwanza kupumua. Alicheka. Kilianza kicheko kidogo puani, kikamshuka tumboni, mpaka maziwa yakamwagika.

"Hii ndiyo picha?" alisema akipangusa macho. "Nimetolewa Nyamarambe kwa ajili ya hii? Nyamongo, wewe una miwani. Hebu nionyeshe pete."

"Sioni," alisema Nyamongo kwa sauti ya chini.

"Zachariah?"

Mzee wa kanisa alimtazama Nyasani, na yule kijana angeona afadhali kama macho yale yangekuwa na hasira. Yalikuwa na huruma.

"Mwanangu," alisema, "ulituita hapa kwa nini?"

Nyasani alisimama, akatoka nje, na picha mkononi.

* * *

Alifika migombani ndipo Orpah alipomkamata kwenye koti.

"Nyasani! Kuna nini? Nimekosea wapi?"

"Pete zilienda wapi?"

"Nilizitoa."

"Ulizitoa."

"Kwa kisu. Ilinichukua Ijumaa yote mpaka jua likazama na Sabato ikanikuta kazini, Mungu anisamehe. Unamjua baba yangu! Nilikuwa mdogo alipomkata nyanya zile pete, nyanya analia anasema anatolewa mifupa. Nikajiambia, akimwona mama yako na mizigo hiyo ya chuma, atasema tunatoka kwenye ushenzi, atatukatalia. Nilitaka amwone kama mtu wa kanisa. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Orpah." Sauti haikumtoka vizuri. "Zile pete ndizo zilizokuwa ndoa ya mama yangu. Haikuwa na ushahidi mwingine duniani. Makori anasema mama alikuwa malaya wa njiani, na kile kioo ndicho kilichokuwa kinasema hapana. Wazee walikuja kutazama miguu. Miguu tu!"

Orpah aliachia koti. Alirudi nyuma mpaka akaegemea mgomba, mikono yote miwili mdomoni.

"Kioo kingine kipo?" aliuliza.

"Hakuna."

"Uliwahi kuchapa hata ndogo?"

"Hakuna, Orpah. Ulikwangua mpaka kwenye kioo chenyewe. Naifahamu kazi yako."

Mvua ilianza tena, ikipiga majani ya migomba juu yao. Msichana alilia bila sauti, kisha ghafla akaacha, akainua uso, na uso ule ulikuwa na hasira.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nini?"

"Kwa nini hukuniambia! Nilikuuliza. Nilisimama dirishani nikakuuliza, wazee wanataka picha ya nini? Ukaniambia nitasoma kitabu. Kitabu! Unakaa usiku unawaandikia watu wa Nairobi, wa Mombasa, watu usiowajua, jinsi ulivyolala na mbuzi, jinsi mama yako alivyotukanwa. Mimi niliyetaka kukuzalia watoto nisubiri nikakinunue dukani?"

"Niliona aibu."

"Aibu kwangu, na kwa dunia nzima huoni?"

"Dunia haitanitazama wakati ninakula," alisema Nyasani. "Wewe ungenitazama. Kila siku ungenitazama ukimwona mtoto wa hawara. Nilitaka kwanza niwe na haki yangu mkononi, ndipo nikuambie."

"Ningekupenda hivyo hivyo."

"Sikujua."

"Basi hukunijua mimi," alisema Orpah. Akapangusa uso kwa kiganja, akamnyang'anya picha. "Njoo."

"Wapi?"

"Ndani. Nikawaambie."

Lazima tumpe sifa yake. Wasichana wengi wangebaki migombani wakilia mpaka wachoke. Huyu aliingia sebuleni na matope mpaka magotini, akasimama mbele ya baba yake, akamwekea picha juu ya Biblia.

"Tata, pete zilikuwepo. Mimi ndiye niliyezikwangua. Kwenye kioo, kitu kinachong'aa huwa cheusi. Ukikwangua ule weusi, kwenye karatasi panatokea rangi ya ngozi. Ndiyo kazi yangu, ndiyo nalipwa kuifanya. Nilidhani utazichukia."

Makori alipiga paja lake. "Yaya, hapana! Sasa tunapikiwa hadithi migombani!"

"Tazameni mkono wa mtoto," alisema Orpah. Aliweka kidole juu ya picha. "Huo sikuugusa. Tazameni vidole vilivyojikunja. Vimeacha nafasi. Mtoto anashika nini pale?"

Nyamongo aliinama tena. 

"Anashika mguu wa mama yake," alisema Makori.

"Mguu haushikwi hivyo!"

"Binti, unataka kunifundisha miguu?"

"Nyamaza, Makori," alisema Nyamongo. Kisha akavua miwani na kuitia mfukoni. "Binti, ninaweza kukuamini mimi kama mimi. Lakini mshenga hubeba alichokiona. Nikienda kwa watu na kusema niliambiwa pete zilifutwa na msichana anayempenda kijana, watanicheka mpaka watoto."

"Tata?" Orpah alimgeukia baba yake. "Unanijua. Nimewahi kukudanganya?"

Bosibori alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu, akimwangalia mumewe kwa namna ya mtu anayeomba.

"Hujawahi," alisema Mzee Zachariah. "Ndiyo maana naumia. Kwa maana kama ni kweli, binti yangu amechukua kisu akafuta ndoa ya marehemu ili kunidanganya mimi. Na kama si kweli, binti yangu ananidanganya sasa hivi, mbele ya wageni. Nichague lipi, Orpah? Nichagulie."

Aliifunga picha ndani ya kile kitambaa, akamrudishia Nyasani.

"Orpah, kazini Kisii hutarudi tena," alisema. "Bosibori, mpe nguo kavu."

Makori alivaa kofia yake. Alipompita Nyasani mlangoni alimgonga bega kidogo, kama rafiki. "Hiyo suti nzuri," alisema.

* * *

Orpah alimpita baba yake, akampita mama yake na nguo kavu zake, akamfuata Nyasani mpaka kwenye ua wa miti. Hapo walisimama, yeye ndani, kijana nje.

"Tutoroke," alisema. "Leo. Wangapi wameoana hivyo? Tutaenda Nakuru, utafungua studio, mimi nitasafisha picha. Ng'ombe na wazee wabaki hapa."

Nyasani alimtazama. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama nyuma ya rafu, shingo, nywele zilizolowa, ule mkono wenye alama ya kisu kwenye kidole cha shahada. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika kwenye meno.

"Utakuja kwangu bila ng'ombe," alisema, "bila wazee, bila mtu hata mmoja wa kusema alikuwepo."

"Ndiyo. Sijali."

"Najua hujali. Mama pengine naye hakujali mambo ya mashahidi, alipokuwa na mumewe hai. Kisha nife mimi, Orpah. Niugue nife. Na Makori mwingine atokee, amwambie mtoto wetu, mama yako aliokotwa njiani. Mtoto huyo atashika nini?"

Orpah alinyoosha mkono juu ya ua, na Nyasani akaushika, na walikaa hivyo mvua ikiwanyeshea, mpaka Bosibori alipoita kutoka nyumbani kwa sauti ya kilio.

"Umenisamehe?" aliuliza Orpah.

"Nimekusamehe tangu migombani. Wewe je?"

"Mimi bado," alisema Orpah. "Ungeniambia, Nyasani. Neno moja tu, Ijumaa." Akauvuta mkono wake, akageuka, akaenda zake nyumbani bila kuangalia nyuma, na Nyasani alibaki akitazama gauni la kijani mpaka mlango ukalimeza.

Alirudi Kisii na picha yake ndani ya kile kitambaa cha kufumwa. Kitabu alikimaliza. Sura ya mama aliiandika upya yote, na safari hii hakuficha kitu, lakini mtu wa kumsomea hakuwepo. Picha aliitundika dirishani mwa studio, pale kilipokuwa kiti cha Orpah.

Wakaja maharusi, kama kawaida yao. Mmoja, msichana mchangamfu wa Nyamira, alikaa kwenye kiti cha kupigiwa picha huku akijishika shavu.

"Nina kidonda hapa," alisema. "Nimesikia kwenu kuna dada anayesafisha picha mpaka mtu anatoka kama yai."

"Hayupo tena."

"Ai, hasara. Alipatwa na nini?"

Nyasani alikuwa akirekebisha miguu ya kamera. Msichana, kwa kukosa la kufanya, akatazama dirishani, akatazama picha ile kubwa, akainamisha kichwa upande.

"Huyu mama ni mzuri," alisema. "Lakini mtoto huyu mbona amefumba mkono hivi? Ameshika nini?"

Nyasani alijifunika kitambaa cheusi cha kamera, na kwa muda alikaa humo ndani, mahali ambapo mteja hamwoni mpiga picha.

"Kaa wima," alisema. "Tazama hapa."